Sura ya Saba: Huduma Mbili, Printa Moja

Kazi imetumwa, amri imepokelewa bila neno, na karatasi haitoki. Hakuna ujumbe wa kosa. Taa ya printa ni ya kijani, waya umechomekwa vizuri, karatasi zimejaa. Mtu anatuma tena, na tena, halafu anazima printa na kuiwasha. Anayemsaidia anashauri draiva mpya. Ikishindikana, wanasakinisha programu nyingine ya kuchapa juu ya ile iliyopo, na hapo tatizo dogo linakuwa kubwa, maana mara nyingi chanzo chenyewe kilikuwa hicho hicho: ndani ya kompyuta tayari zilikuwamo huduma mbili za kuchapa, kila moja ikijihesabu kuwa ndiyo yenye printa.

Sura hii inahusu hali hiyo kwenye kompyuta za jamii ya Unix, yaani Linux za kila aina, FreeBSD na wenzake. Nitasema mapema ninachokiamini, ili msomaji apime kila nitakachoeleza kwa kipimo hicho. Huduma mbili zinapogombana, dawa ni kupunguza. Kuongeza kitu cha tatu hakujawahi kuleta amani. Na kabla ya kupunguza chochote, maswali mawili yajibiwe kwa ushahidi: amri ninayoandika inaita programu ipi, na ni programu ipi iliyoshika mlango ambao kazi zinapitia? Anayekisia hapa atazima huduma nzuri na kuiacha mbovu.

Mila mbili na mrithi mmoja

Unix na uchapaji vilianza pamoja. Watumiaji wa kwanza wa Unix nje ya kundi lililoibuni pale Bell Labs, mwaka 1971, walikuwa wachapaji wa idara ya hataza, waliohitaji njia bora ya kuandaa maombi yao. Baadaye Unix iligawanyika, na uchapaji nao ukagawanyika. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuza toleo lake, BSD. Humo unatuma kazi kwa lpr, unaangalia foleni kwa lpq, unafuta kazi kwa lprm, na huduma inayoshughulika nyuma ya pazia inaitwa lpd. Habari za printa zote zinakaa kwenye faili moja, /etc/printcap. Kwa upande wa AT&T, System V ya mwaka 1983 ilikuwa na taratibu zake: lp ya kutuma, lpstat ya kuulizia, cancel ya kufuta, lpadmin ya kusimamia, na lpsched ikiwa ndiyo huduma yenyewe.

Aliyezoea upande mmoja alipohamia mashine ya upande wa pili alianza kujifunza upya. Mazungumzo ya lpd kupitia mtandao yaliandikwa rasmi Agosti 1990, katika waraka wa RFC 1179, na mlango uliotajwa wa kupokelea kazi ni namba 515. Printa nyingi za ofisini bado zinausikiliza mlango huo mpaka leo. Kisha Patrick Powell akaleta LPRng, lpd iliyoandikwa upya kwa kujali zaidi usalama, lakini kwa majina yale yale ya amri.

Mwaka 1997 Michael Sweet, wa kampuni ya Easy Software Products, alianza kuandika CUPS, na mwaka 1999 ikatoka hadharani. Ilijengwa juu ya itifaki mpya ya IPP, yenye mlango wake namba 631. Apple waliiweka ndani ya Mac OS X 10.2 mwaka 2002, na mwaka 2007 wakainunua na kumwajiri Sweet mwenyewe. Alipoondoka Apple mwishoni mwa 2019, mradi wa OpenPrinting ukaibeba kazi hiyo kwa niaba ya watumiaji wa Linux na mifumo mingine huria. Leo ukisakinisha Linux ya mezani, karibu hakika utakuta CUPS imo.

Kuna uamuzi mmoja uliofanywa ndani ya CUPS ambao ndio kiini cha sura hii. Ili watu wasilazimike kujifunza upya, ilikuja na amri za mila zote mbili: lpr, lpq na lprm kwa waliotoka BSD, na lp, lpstat na cancel kwa waliotoka System V. Ulikuwa uamuzi wa busara. Uliokoa maelfu ya skripti za zamani ambazo hakuna aliyekuwa na muda wa kuziandika upya. Ila ulileta deni lake: jina lpr sasa linaweza kuwa la programu zaidi ya moja kwenye diski moja, kila programu ikiwa na foleni yake, na jina peke yake halikwambii unaongea na nani.

Unaita lpr ipi?

FreeBSD inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mfumo mwingine wowote ninaoujua, kwa kuwa lpd ya Berkeley imo ndani ya mfumo wenyewe, na CUPS huongezwa baadaye kama kifurushi. Tuseme msimamizi wa maabara ya kompyuta amesakinisha CUPS jana. Ameongeza printa kwa kutumia kivinjari, kwenye anwani localhost:631, na ukurasa wa majaribio umetoka safi. Leo anafungua terminali na kuandika:

lpr ratiba.txt

Anajibiwa:

lpr: lp: unknown printer

Printa ipo na jana ilichapa, lakini lpr inasema haiijui. Inasema kweli. Akiandika which -a lpr ataona njia mbili, kwa mpangilio ule ule ambao kompyuta inazitafuta: kwanza /usr/bin/lpr, kisha /usr/local/bin/lpr. Ya kwanza ni ya Berkeley. Inasoma /etc/printcap, na faili hiyo inapokuja na mfumo mistari yake yote imezimwa kwa alama ya reli. Ya pili ni ya CUPS, na ndiyo inayoijua printa. Kwa kuwa PATH ya kawaida ya FreeBSD, yaani orodha ya folda za kutafutia amri, hutaja /usr/bin kabla ya /usr/local/bin, ile ya Berkeley itaitikia kila mara.

Tiba ya mtumiaji mmoja ni kuitanguliza /usr/local/bin kwenye PATH yake, kisha kuandika hash -r ili bash isahau njia iliyoikariri. Kwa mashine nzima, huduma yenyewe huchaguliwa kwenye /etc/rc.conf: lpd_enable iwe "NO" na cupsd_enable iwe "YES". Wapo wanaoifuta kabisa /usr/bin/lpr, na hilo silipendekezi. Siku mfumo utakaposasishwa faili itarudi, na aliyeifuta atakuwa ameshasahau kwamba aliwahi kuifuta. Mwenye kuujenga mfumo kutoka kwenye msimbo chanzo anayo njia safi zaidi, nayo ni kuweka WITHOUT_LPR kwenye src.conf.

Hata baada ya hapo kuna kona moja inayowatega wengi: cron, huduma inayoendesha kazi kwa ratiba. Kazi zinazoendeshwa na cron hazisomi mipangilio yako ya terminali. Zina PATH yao, na humo /usr/local/bin haitangulii /usr/bin. Kwa hiyo utachapa mchana kutwa bila shida, na ripoti iliyopangwa kutoka saa nane usiku haitatoka hata siku moja. Ndani ya skripti za namna hiyo iandike njia yote, /usr/local/bin/lpr. Hii ni kanuni ninayoishika kwa skripti yoyote inayochapa, hata kwenye mashine yenye huduma moja tu, kwa sababu huduma ya pili inaweza kuletwa kesho na mtu mwingine.

Debian na Ubuntu zimelipunguza tatizo hili kwa kukataza mapema. Vifurushi vya lpr, lprng na cups-bsd haviruhusiwi kukaa pamoja. Ukisakinisha kimoja, kingine kinaondolewa. Ukitaka kujua lpr yako ni ya nani, andika dpkg -S /usr/bin/lpr. Fedora na jamii ya Red Hat zinatumia viungo: /usr/bin/lpr inaelekea kwenye /etc/alternatives, na kutoka hapo kwenye programu halisi. Amri ya readlink -f /usr/bin/lpr itakufikisha mwisho wa safari, ambao kwa CUPS ni lpr.cups, na alternatives --config print inakuruhusu kubadili chaguo.

Kazi zilizopotea ziko wapi

Kuna jaribio moja ambalo ningependa kila msimamizi alijue, kwa kuwa linamaliza ubishi ndani ya dakika moja. Washa maelezo marefu ya CUPS kwa cupsctl --debug-logging. Fungua terminali moja na uandike tail -f /var/log/cups/error_log. Kwenye terminali nyingine tuma kazi. Mistari ikianza kumiminika, kazi imefika CUPS na tatizo liko mbele, kwenye vichujio, draiva au printa. Logi ikibaki kimya, kazi haikufika kabisa, na hapo hakuna draiva duniani itakayokusaidia. Ukimaliza, zima maelezo hayo kwa cupsctl --no-debug-logging, maana faili hiyo hukua haraka.

Kama logi imekaa kimya, nenda ukaitafute kazi kwenye folda za foleni. CUPS huhifadhi kazi ndani ya /var/spool/cups, kila kazi ikiwa na faili la maelezo linaloanza na herufi c na faili la maandishi yenyewe linaloanza na herufi d, mfano c00012 na d00012-001. Upande wa lpd, angalia chini ya /var/spool/lpd au folda yoyote iliyotajwa kwenye printcap. Huko majina huanza na cf na df. Mara nyingi utakuta kazi zote zilizodhaniwa kupotea zimepangana humo, zikisubiri huduma ambayo haiwaki. Lpr ya Berkeley huwa imemwambia mtumiaji hivyo pia, kwamba kazi zimewekwa foleni lakini huduma haikuweza kuanzishwa, ila ujumbe ulipita kwenye skrini na hakuna aliyeusoma.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu jambo hili linapuuzwa na lina madhara. Folda ya foleni inabeba karatasi za watu. Humo kuna mitihani ambayo haijafanywa, hati za mishahara, majibu ya vipimo, barua za kuachishwa kazi. Foleni ya huduma iliyozimwa haijifuti. Mtu akija kuiwasha huduma hiyo baada ya miezi, kwa bahati mbaya au kwa sasisho, kila kilichomo kitaanza kutoka kwenye printa iliyo katikati ya ofisi, mbele ya yeyote anayepita. Kwa hiyo usizime huduma ya zamani kabla hujamaliza foleni yake. Iangalie kwa lpq -a, waulize wenye kazi kama bado wanazihitaji, futa zilizobaki kwa lprm, ndipo uizime. Kwa CUPS, cancel -a -x hufuta kazi pamoja na faili zake za maandishi.

Nani ameshika mlango?

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mlango mmoja wa mtandao haupokei huduma mbili kwa anwani ile ile. Anayefika kwanza anaushika. Wa pili anapewa jibu la "Address already in use" na anaanguka. Kwenye Linux, ukiwa root, andika ss -ltnp na utafute namba 515 na 631. Mstari mmoja wa majibu unaweza kuwa hivi:

LISTEN 0 5 0.0.0.0:515 0.0.0.0:* users:(("lpd",pid=640,fd=6))

Usome mstari huu polepole, kwa sababu unasema kila kitu. Mlango ni 515. Anwani ya 0.0.0.0 inamaanisha unapokea kutoka popote kwenye mtandao, si kutoka ndani ya kompyuta hii tu. Mwenye mlango ni lpd, na namba yake ya mchakato ni 640. Kama ulitegemea jina la CUPS hapo, umeshampata mgombea mwingine. Kwenye FreeBSD, sockstat -4 -l inatoa habari hizo hizo.

Ugomvi wa 515 hutokea hasa ofisi inapokuwa na mashine ya zamani inayojua lpd tu. CUPS inaweza kuihudumia kupitia programu ndogo iitwayo cups-lpd, lakini programu hiyo nayo inahitaji 515. Kama LPRng ya miaka iliyopita bado inapumua, cups-lpd haitaanza, na mashine ya zamani itaendelea kutuma kazi zake kwa LPRng na kuambiwa zimepokelewa. Zimepokelewa kweli. Hakuna wa kuzichapa.

Ugomvi wa 631 ni wa kisasa zaidi. Mtu ameweka CUPS ndani ya kontena la Docker na kuufungua mlango 631 kwa nje, bila kukumbuka kwamba kompyuta mwenyeji ina CUPS yake. Kontena likishindwa kuanza utajua mara moja. Likiwahi kabla ya CUPS ya mwenyeji, utafungua localhost:631, utaona ukurasa ule ule uliouzoea, na orodha ya printa itakuwa tupu. Watu hudhani mipangilio yao imefutwa, kumbe wanatazama CUPS nyingine.

Kuzima nako kuna hila yake. Kwenye Linux yenye systemd, systemctl stop cups haitoshi. Inazimika, kisha mtu akigusa amri yoyote ya kuchapa inaamka tena, kwa kuwa cups.socket na cups.path zinabaki zikiilinda. Systemd yenyewe hukuonya unapoizima. Ukitaka izimike kweli, taja zote tatu: systemctl disable --now cups.service cups.socket cups.path.

Na kabla hujalaumu mlango wowote, uliza lpstat -H. Amri hii hujibu ni seva ipi ambayo amri zako za CUPS zinaongea nayo. Ukijibiwa /run/cups/cups.sock, ni ya hapa hapa. Ukijibiwa jina la seva ya ofisi iliyoondolewa zamani, tafuta mstari wa ServerName kwenye /etc/cups/client.conf, au kigezo cha CUPS_SERVER kwenye mazingira ya mtumiaji. Nimeona watu wakisakinisha upya mfumo mzima kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Ugomvi kwenye waya wa USB

Printa nyingi za miaka ya karibuni zinaweza kuongea IPP hata kupitia waya wa USB. Kwenye Linux, kazi hiyo inafanywa na huduma iitwayo ipp-usb. Inaishika printa kupitia USB na kuionyesha kwa kompyuta kama vile ni printa ya mtandao, kwenye localhost, kwa kawaida kuanzia mlango 60000. Ni kazi nzuri, maana haihitaji draiva ya mtengenezaji. Lakini ikishaishika printa, draiva ya mtindo wa zamani haiwezi kuigusa. Ukiandika lpstat -v na ukaona foleni yako inaanza na usb:// au hp:/, huku ipp-usb ikiwa hai, foleni hiyo inaweza kukaa siku nzima ikisema inasubiri printa ipatikane, ilhali printa iko mezani na inawaka.

Hapa lazima uchague. Mimi huanza kwa kuiacha ipp-usb, kuifuta foleni ya zamani kwa lpadmin -x, na kuiongeza printa upya kwa njia ya IPP. Ikiwa draiva ya mtengenezaji inatoa kitu ambacho huwezi kukikosa, basi ipp-usb ndiyo iondoke: systemctl mask --now ipp-usb, kisha chomoa waya na uuchomeke tena. Kuziacha zote mbili na kuomba zielewane ni kupoteza muda.

Huduma nyingine ya kuangaliwa ni cups-browsed, ambayo huzitafuta printa za mtandaoni na kuziundia foleni. Ikiwa CUPS yako ni ya miaka ya karibuni, inaweza kuziona printa za IPP bila msaada wake, na matokeo yake printa moja huonekana mara mbili au tatu kwenye orodha, majina yakifanana, na ni moja tu inayochapa. Lakini kuna sababu kubwa kuliko hiyo. Septemba 2024 mtafiti wa usalama Simone Margaritelli alitangaza kwamba cups-browsed ilikuwa ikipokea ujumbe kutoka kwa yeyote kwenye mlango 631 wa UDP, na kwamba mshambuliaji angeweza kuitumia kuingiza printa bandia, na amri zake zikaendeshwa pale mtu anapochapa kwenye printa hiyo. Marekebisho yalitolewa, na ushauri wa wataalamu kwa asiyeihitaji ulikuwa ni kuizima. Nakubaliana nao kabisa. Ikiwa haina kazi kwenye mashine yako, izime kwa systemctl disable --now cups-browsed, na upunguze orodha ya vitu unavyopaswa kuvilinda.

Ibaki ipi?

Kwa kompyuta ya mezani na kwa seva ya ofisi yenye watu wa kila aina, ibaki CUPS. Programu za kisasa, kuanzia LibreOffice hadi vivinjari, zinategemea kuongea nayo moja kwa moja, na kuzilazimisha kupitia lpd kunakunyima chaguo la karatasi, rangi na kurasa mbili kwa pamoja. Kwa seva ndogo ya FreeBSD au OpenBSD inayotuma maandishi kwa printa moja ya mtandao yenye kuelewa PostScript, lpd ya Berkeley inatosha kabisa, na CUPS hapo ni mzigo. LPRng ilifanya kazi yake kwa heshima. Kwenye mashine mpya sioni sababu ya kuiweka.

Ukishaamua, izime nyingine kikamilifu, iwashe upya kompyuta, na urudie ss -ltnp kuhakikisha milango iko kama ulivyoiacha. Mgomvi anayerudi baada ya kuwasha upya ndiye anayesumbua kuliko wote, kwa sababu siku hiyo wewe huenda hupo. Kisha andika kwenye karatasi na uibandike ubavuni mwa printa: jina la huduma iliyobaki, jina la foleni, anwani iliyoonyeshwa na lpstat -v, na tarehe. Anayekuja baada yako atahitaji mistari hiyo minne kabla hajasakinisha kitu kingine.